Meza ya Kukatia

Mkono wa karani ulipanda juu kabla akili yake haijaulizwa. Mkurugenzi alikuwa ameuliza, kwenye kile kikao cha mtandaoni cha kila Alhamisi, nani kati yao anaikumbuka ofisi, na katika vidirisha vidogo vya kompyuta mikono ikaanza kuchomoza mmoja baada ya mwingine, kama ya watoto wa shule walioahidiwa peremende. Karani akaona wa kwake umechelewa. Ili kufidia, akainua na wa pili.

Mkurugenzi akapendezwa, akamtaka aseme neno. Hapo angeweza kusingizia kuwa mtandao unasumbua akanyamaza zake. Watu wengi wameokolewa na uongo huo. Lakini karani alikuwa mkaguzi wa madai ya bima ya magari, mtu anayeshinda akitazama picha za bampa zilizobonyea na kuamua nani anasema kweli, na watu wa kazi hiyo wakipewa nafasi ya kuongea huwa hawaiachii. Akasafisha koo. "Kwa kweli Mkurugenzi, nyumbani kelele ni nyingi. Kazi kama kazi inataka ofisi."

Upande wa pili wa meza hiyo hiyo, nje ya jicho la kamera, mkewe alikuwa amesimama na mkasi mkononi. Mkasi ulikuwa umeuma kitambaa cha sketi za shule na kusimama nusu ya njia, kwa sababu kikao kilipoanza aliacha kukata. Cherehani alishaizima. Redio alishaizima. Katika sebule nzima, kelele pekee iliyokuwapo ilikuwa ni ya mume wake.

Meza yenyewe ilitoka ofisini. Kampuni ilipogundua kwamba watu wanaweza kufanya kazi wakiwa makwao, iliachia ghorofa mbili kati ya tatu ilizokuwa imekodi, na samani ikawauzia wafanyakazi kwa kuwakata mshahara kidogo kidogo. Wengine walichukua viti vya kuzunguka. Mmoja alichukua kabati la chuma ambalo mpaka leo halijakubali kupita mlangoni kwake, analo uani, anafugia kuku. Karani alichagua meza pana ya mbao nzito, ikala nusu ya sebule, na yeye akajibanza na kompyuta yake kwenye pembe moja. Sehemu iliyobaki aliichukua mkewe, ambaye ni fundi cherehani.

Kabla ya meza hiyo fundi alikuwa akikatia nguo kitandani, na si mara moja alikata na shuka. Meza ilipokuja aliweza kulaza kitambaa safu kwa safu, akakata nguo nyingi kwa mkupuo, na hapo ndipo alipopata ujasiri wa kwenda kwa mwalimu mkuu wa shule anayosoma binti yao kuomba oda ya sketi za marinda za wasichana wote. Mwalimu mkuu alimpa, na masharti yake hayakuwa na mafumbo. Sketi zikija nzuri na zikija kabla shule hazijafunguliwa, kazi hiyo ni yake kila mwaka. Zikichelewa, kiko kiwanda kimoja mjini ambacho mwenyewe hachoki kupiga simu.

Kikao kilipokwisha, fundi alimaliza kwanza mkato wake. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Kelele gani, Baba Kinda?"

Kinda ndilo jina la kudekezwa la binti yao. Karani alicheka kile kicheko kidogo cha mtu aliyekutwa na kijiko ndani ya sufuria. Akaeleza kwamba mambo ya ofisi yana lugha yake, kwamba mkubwa huambiwa anachopenda kusikia, na kwamba wote waliosema wanaikumbuka ofisi hawakuwa na maana hiyo hata kidogo. Fundi akataka kujua kama Mkurugenzi naye anajua kwamba hawakuwa na maana hiyo. Karani akamwambia asiwe na wasiwasi, Mkurugenzi ni mtu wa busara.

Busara ya Mkurugenzi ilifika baada ya siku chache kwa barua pepe. Kwa kuzingatia maoni ya wafanyakazi wenyewe, ilisema, kampuni imefurahi kutangaza kwamba wote watarejea ofisini siku zote tano za wiki kuanzia Jumatatu. Karani aliisoma kwa namna anavyosoma dai la gari lililogongwa na mti uliokuwa barabarani. Hakuona pa kulikataa. Yeye ndiye aliyeinua mikono miwili.

Aliyeshangilia kwa dhati alikuwa dada yake mkubwa, wifi wa fundi, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiwaambia watu kwamba kaka yake yuko likizo ndefu. Aliona afadhali likizo kuliko kueleza kwamba mwanamume mzima, mwenye elimu yake, saa nne asubuhi yuko sebuleni na shati la tai juu na kaptura chini. Alikuja na mkate wa kupongeza. Sasa angalau, alisema, majirani watamwona akitoka.

*

Jumatatu karani alivaa suruali nzima. Ilikataa kufunga kifungo, kwa kuwa miaka miwili ya chakula cha mchana cha moto haikupita hivi hivi, na fundi ikabidi akihamishe kifungo huku mwenye suruali ameshikilia pumzi. Alifika ofisini mapema, akapanda mpaka ghorofa ya tatu, ile pekee iliyobaki, akakuta wenzake wamesimama ukutani kama wageni wa harusi ambao ukumbi umejaa. Meza hazikuwapo. Wote walijua hazikuwapo, kwa sababu walizinunua wao, lakini kila mmoja alidhani kampuni itakuwa imefikiria jambo hilo.

Waliowahi zaidi walikuwa wameshika zile chache zilizobaki, na walikuwa hawanyanyuki hata kwenda msalani. Wengine walikaa juu ya maboksi ya karatasi za printa. Mhasibu mmoja mwenye heshima zake alifunga hesabu za mwezi akiwa ameegemea sinki la jikoni, na kila aliyekuja kuosha kikombe alimwomba radhi. Karani alikaa kwenye ngazi za dharura, kompyuta mapajani, akakagua magari matatu. Simenti ilikuwa ya baridi na mlango ulikuwa ukimgonga goti kila ulipofunguliwa.

Hayo yote yangevumilika kama si uvumi. Kufika mchana ofisi nzima ilikuwa imenong'onezana kwamba kampuni inataka kupunguza watu, na kwamba hii ndiyo njia yenyewe: mwisho wa mwezi watapita na kuhesabu meza, na asiye na meza hana kazi. Hakuna aliyejua uvumi umeanzia kwa nani, na kwa hiyo wote waliuamini. Alasiri meneja utumishi, mama mmoja mpole anayetoa habari mbaya kwa sauti ya kubembeleza mtoto, alipita kwenye ngazi akawaambia kwamba yeyote aliyenunua meza ya kampuni anakaribishwa kuirejesha, kwa kuazima tu, na kampuni itakumbuka moyo huo.

Karani aliyasikia maneno "itakumbuka moyo huo" mpaka nyumbani.

Alimkuta fundi amelaza kitambaa safu nane, amechora kwa chaki, anabana kingo kwa vibanio vya kuanikia nguo. Alisubiri mpaka chakula kikaliwa, mpaka Kinda akaenda kulala, akaanza kwa mbali. Akasifu chakula. Akauliza habari za mwalimu mkuu. Akataja jinsi mhasibu alivyokuwa akijikaza kwenye sinki. Fundi alimwacha azunguke, kwa kuwa alikuwa ameshamzoea mume huyu, na alijua kwamba akisifu chakula mara mbili kuna jambo.

"Unataka meza," alisema mwishowe.

Karani akasema si kwamba anaitaka, ni kwamba inatakiwa. Akaeleza uvumi wote, akaongeza na chumvi kidogo. Ni kwa muda tu. Sakafu ya sebule ni pana, tena ni safi, na mafundi wengi duniani wanakatia chini. Akasema pia kwamba mshahara wake ndio unaolipa nyumba, jambo ambalo lilikuwa kweli, na ambalo angefanya vizuri kulibakiza mdomoni.

Fundi alikuwa na mengi ya kujibu. Angeweza kuuliza ada ya Kinda ya muhula uliopita ililipwa na bampa ya nani. Hakuuliza. Alitazama safu zake nane, na alichokisikia ndani yake, zaidi ya hasira, kilikuwa uchovu wa mtu anayeelezwa jambo polepole na mtu asiyelielewa. "Meza ni yako," alisema. "Ulikatwa mshahara. Ichukue."

Karani alimshukuru, akalala vizuri. Huyo ndiye mtu anayelipwa kutambua nani amegongwa.

*

Meza ilisafiri asubuhi kwa mkokoteni, miguu juu, na karani akiifuata nyuma na tai yake kana kwamba anasindikiza mgonjwa. Watu barabarani walimpisha. Mmoja alimpa pole ya kuhamishwa nyumba, naye akashindwa kueleza, akasema ahsante.

Mlinzi wa getini hakuwa na shida na watu wanaotoa meza, maana hao wana kibali chao cha kutoa, na vibali hivyo anavifahamu. Anayeingiza alikuwa hajawahi kumwona. Alimzunguka karani na meza yake, akainama, akagonga mbao, akauliza kama kuna kitu ndani. Simu ikapigwa juu. Meneja utumishi akashuka mwenyewe, akafurahi kupita kiasi, na kabla meza haijafika kwenye lifti ilikuwa imekwisha bandikwa kibandiko chenye namba ya mali ya kampuni. Karani akauliza kwa unyenyekevu kama haikuwa ni kuazima tu. Akaambiwa kibandiko ni utaratibu, asikifikirie.

Nafasi ilipatikana pembeni mwa mlango wa msalani, ambako kila anayetoka alikuwa akikung'uta maji ya mikono. Karani hakujali. Alifuta meza, akapanga kalamu, akaketi, na kwa saa nzima aliwatazama waliokaa juu ya maboksi kwa huruma ya mtu mwenye shamba. Meneja utumishi alimpiga picha. Picha ikatumwa kwa wafanyakazi wote ikiwa na maneno "Mfano wa kuigwa", na wenzake wakamsalimia siku nzima kwa jina hilo. Mfano wa Kuigwa, habari za asubuhi. Mfano wa Kuigwa, sogeza kiti nipite, nimebanwa.

Ni mchana, alipotafuta pa kuweka kikombe, ndipo alipoiona meza vizuri. Nyumbani aliizoea pembe yake tu. Huku, ikiwa imefutwa na kukaa chini ya taa kali, iligeuka kuwa kitu kingine. Upande wa mkewe wote ulikuwa na alama: vijistari vya gurudumu la kutobolea alama kwenye kitambaa, mistari ya chaki iliyozama kwenye mbao na kugoma kufutika, umbo la kola, umbo la mkono wa shati la mtoto, umbo la rinda lililorudiwa mpaka likachimba. Karani alipitisha kidole juu yake. Alikuwa ameketi na mtu huyu kwenye meza moja miaka miwili, na kama angeulizwa mwenzake hufanya nini kutwa, angesema anashona vitu vya watu.

*

Alirudi jioni na picha yake kwenye simu, ameikusudia kuwa kichekesho cha kuanzia mazungumzo. Kinda alikuwa mlangoni, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba mama amekasirikia kitambaa.

Fundi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama aliyetoka safari. Mbele yake kitambaa cha bluu kilikuwa kimetandazwa sebule nzima. Kukatia chini kunataka kupiga magoti, na anayepiga magoti hawezi kuona mwisho wa kitambaa na mwanzo wake kwa pamoja. Safu za chini zilikuwa zimeteleza bila yeye kujua, akazikata zikiwa zimepinda. Rundo zima lilikuwa limekwenda upande. Vipande hivyo havingeweza kuwa sketi ya mtu yeyote, labda ya mtu mwenye mguu mmoja mrefu. Na kitambaa kilichobaki hakikutosha kuvirudia.

Karani akasema pole. Akaiona haitoshi, akasema kitambaa kitapatikana, yeye ataongezea kwenye mshahara.

"Si kitambaa," fundi alisema. Alikuwa akijisugua magoti. "Hela ya kitambaa ninayo mimi. Nisikilize, halafu usinijibu. Miaka yote kabla ya hapo ulikuwa ukitoka asubuhi unaniacha na cherehani, ukirudi nimeshafagia, huoni kitu. Ulipoanza kukaa nyumbani nikafurahi. Nikasema sasa ataona. Nikawa nakata mbele yako, ile meza naiona kama na mimi nina ofisi, na mwenzangu wa ofisini ni wewe. Wakubwa wako wakikuita, nasimamisha kazi yangu ili wasinisikie. Kwa siku nasimama mara ngapi, sikukwambia. Nikajua unaona. Kumbe ulikuwa unasikia kelele."

Hakulia, na karani angetamani alie, kwa kuwa mtu anayelia hubembelezwa. Alibaki amesimama na mkoba wake begani. Aibu ilimpata hasa, ile ya kushika masikio na shingo. Alitafuta la kumjibu, akakumbuka ameambiwa asijibu, na hilo likawa jambo la kwanza la busara alilofanya tangu ile Alhamisi. Akavua viatu, akapiga magoti upande wa pili wa kitambaa, akauliza kishikwe wapi. Fundi alimwonyesha. Alishika vibaya, akavuta sana, akafundishwa, akavuta kidogo mno. Baada ya muda magoti yalianza kumuuma, naye akanyamaza nayo.

*

Asubuhi alimwendea mlinzi na kumwambia kwamba meza inatoka. Mlinzi akainama, akakiona kibandiko, akafarijika kurudi kwenye jambo analolifahamu. Mali ya kampuni haitoki bila kibali. Karani akasema meza ni yake na aliilipia. Mlinzi akasema hata yeye anamwamini kabisa, tena jana alimwona akiiingiza kwa macho yake, ila kibali.

Meneja utumishi alimpokea kwa upole uliozidi wa kila siku. Akamkumbusha picha. Akamkumbusha moyo. Mwisho akasema, akiwa ameshusha sauti, kwamba meza iliyokwisha kuwa mfano haiwezi kuondoka kimyakimya, na yeye hana mamlaka hayo. Labda Mkurugenzi mwenyewe. Karani akauliza Mkurugenzi yuko chumba gani. Mama yule akatazama dirishani. Mkurugenzi, alisema, yuko kwake. Kazi zake zinataka utulivu.

Kwa hiyo ikabidi kungoja kikao cha Alhamisi. Wafanyakazi walikusanyika mbele ya luninga kubwa ya ukutani, waliokuwa na viti wakiwa wamevibeba kwa tahadhari, na Mkurugenzi akatokea akiwa sebuleni kwake, nyuma yake pazia la maua na kabati la vyombo. Aliwapongeza kwa kurudi. Alisema kampuni ni familia, na familia hukaa chini ya paa moja. Akauliza nani anafurahi kuwa ofisini, mikono ikapanda, na wa mhasibu ulipanda ukiwa bado na povu la sabuni. Kisha akasema angependa kumsikia yule bwana wa meza.

Karani alisimama. Aliogopa, na hilo lisemwe wazi, kwa kuwa alikuwa na kodi ya nyumba, na binti, na mwisho wa mwezi haukuwa mbali. Aliwaona waliokaa juu ya maboksi, akajua kwamba akimaliza kusema atakuwa mmoja wao au pungufu ya hapo.

"Mkurugenzi, ile meza ni ya mke wangu," alisema. "Ni fundi, anaikatia nguo za shule, na tangu niilete huku kazi yake imeharibika. Mimi nilisema nyumbani kuna kelele. Hakuna. Alikuwa anazima cherehani kila tukikutana na wewe, kazi yake inasimama ili yangu iende. Nilisema vile kwa sababu nilidhani ndivyo ulivyotaka kusikia. Naomba sahihi yako, meza itoke."

Mkurugenzi alifungua mdomo, na wakati huo huo kwake kukawaka mashine ya kusagia matunda, kwa nguvu, mahali fulani karibu sana na pazia la maua. Akazima sauti yake. Ofisi nzima ikamtazama akigeuka, akiongea na mtu asiyeonekana, akinyoosha mikono, akijibiwa jambo refu, akiinamisha kichwa. Aliporudisha sauti, mashine ilikuwa bado inasaga.

"Chukua meza," alisema. "Na wewe utakaa wapi?"

"Nitatafuta mahali, Mkurugenzi."

Kuhusu kufukuzwa hakusema lolote, wala kuhusu kutofukuzwa. Kikao kiliendelea na suala la vikombe vinavyopotea jikoni.

*

Fundi alisikia magurudumu ya mkokoteni akatoka nje. Aliitazama meza, akamtazama mume wake, ambaye saa zake za kazi zilikuwa hazijaisha.

"Umefukuzwa?"

"Bado."

"Haya, shika upande huo, usikwaruze mlango."

Kitambaa kingine kilinunuliwa kwa hela ya fundi mwenyewe, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya cherehani ya pili. Jambo hilo lilimuuma, na hakuficha kwamba limemuuma. Alilitaja kwenye chai na kwenye chakula cha jioni, na karani akalipokea kila lilipotajwa. Cherehani ilikuwa ikiimba kuanzia alfajiri. Wifi alipita kuuliza kwa nini kaka yake ameonekana akirudi mchana na samani, akapewa vibanio abane kingo, akabana mpaka jioni akilalamika mgongo, na kwa bahati alibana vizuri.

Karani alirudi kwenye ngazi zake za dharura. Sasa aliitwa majina mengine, mengi yao ya kumdhihaki, lakini jambo la ajabu ni kwamba watu walikuwa hawaishi kupita hapo. Walikuja mmoja mmoja, wakitazama nyuma kwanza. Mhasibu alimnong'oneza kwamba na yeye siku ile aliinua mkono kwa hofu. Dada wa mapokezi akakiri hivyo hivyo. Meneja utumishi alisimama ngazi mbili juu yake, akasema kwamba yeye mwenyewe huamka alfajiri ili awahi kumvalisha mama yake kabla ya kutoka, na kwamba hayo hakuyasema yeye. Kila mmoja alimpongeza kwa moyo mweupe, na hakuna hata mmoja aliyempisha kiti.

Simenti nayo haikuwa imepunguza baridi. Siku ya tatu kiuno kilikataa, na jioni, nyumbani, karani akaenda upande wa meza usio wake, akangoja mkasi ufike mwisho wa mstari. Akasema angependa kushonewa mto wa kukalia, mnene kiasi, wa rangi yoyote.

Fundi alimgeuza, akampima kwa futi yake kama anavyompima mteja mwingine, akatikisa kichwa kwa vipimo alivyovikuta, akaviandika kwa chaki pembeni mwa meza. Akataka malipo ya mwanzo. Karani alitoa mfukoni bila kubisha. Kisha akamwambia apitie Jumatano.

Alikuwa akiishi humo humo, akilala kitanda kimoja na fundi, lakini Jumatano alipitia. Aliondoa viatu mlangoni, akasalimia, akauliza mto wake. Haukuwa tayari. Haukuwa hata umekatwa. Mbele yake kulikuwa na shule nzima, na fundi alimwambia hivyo bila kuomba radhi, mdomo umejaa pini, mikono haikusimama. Karani alisema sawa, atangoja zamu yake. Akakunja mikono ya shati, akauliza ashike upande gani.